Kanada kwa Jicho la Mwashi: Siku Kumi na Mbili, Halifax hadi Brantford

Jumamosi, Halifax

Nimefika usiku, begi limefika, miguu imevimba. Kabla sijalala niandike kwa nini nipo huku.

Mimi ni mwashi. Miaka kumi na tisa sasa ninapiga chokaa na kuziba nyufa za kuta za Mji Mkongwe, Unguja. Tangu Beit al-Ajaib ilipoporomoka siku ya Krismasi ya 2020, siwezi kupita chini ya jengo la zamani bila kuinua kichwa kutafuta ufa. Mdogo wangu wa kike anaishi Toronto na mumewe na mtoto wao, na kila mwaka ananisihi niende nikaone maporomoko ya Niagara. Mwaka huu nikakubali, ila nikamwambia nitaanzia mashariki kabisa, nitakwenda kwa treni, na ninachotaka kuona ni majengo. Akacheka simuni: "Kaka, utoke kwenye nyumba kuukuu ukatazame nyumba kuukuu?"

Ndiyo.

Jumapili, Halifax

Ngome ya kilimani, Citadel, ina umbo la nyota. Mji wenyewe Waingereza waliuanzisha 1749, na hii ni ngome ya nne kujengwa kwenye kilima hichohicho. Walianza 1828, wakamaliza 1856. Miaka ishirini na minane! Mwongozaji alieleza sababu kwa sentensi moja, mimi nikaisikiliza kama hadithi nzima: kuta zilikuwa zinaanguka zenyewe majira ya baridi. Maji huingia nyuma ya ukuta, yakaganda, yakatanuka, yakausukuma ukuta nje. Kule kwetu adui wa ukuta ni chumvi na mvua ya masika, lakini chumvi hula polepole kama panya, wakati barafu husukuma kama fahali. Waliochora ramani walikuwa maofisa wa Uingereza, na baridi ya jimbo hili la Nova Scotia haikuwa kwenye vitabu vyao. Ngome haikupigwa na adui hata siku moja. Vita vyake vyote vilikuwa na hali ya hewa.

Saa sita mchana mzinga hulipuka, kila siku isipokuwa Krismasi. Niliruka. Wenyeji hawakupepesa jicho.

Chini kidogo ya kilima kuna kanisa la St. Paul's, la mbao, la 1750, jengo la zamani kuliko yote mjini humu. Niliingia baada ya ibada. Kuta zake zimejaa vibao vya majina: magavana, makapteni, majaji, wake zao. Lakini kitu kilichonishika kipo kwenye ukumbi wa kuingilia, juu ukutani: kipande cha fremu ya dirisha, mbao zilizovunjika, kimezama ndani ya plasta kama mwiba kwenye kisigino. Tarehe 6 Desemba 1917 meli ya Kifaransa Mont-Blanc, imesheheni baruti, iligongana bandarini na meli ya Kinorwe, Imo. Ikashika moto, ikalipuka. Watu wapatao 2,000 walikufa na 9,000 wakajeruhiwa. Ubao ule uliruka kutoka jengo jingine ukapasua hadi humu, na kila aliyekarabati kanisa tangu hapo ameuacha palepale. Nimesimama chini yake muda mrefu. Ukimwachia mwashi yeyote kazi ya kupaka ukuta rangi, kitu cha kwanza atakachofanya ni kung'oa takataka iliyochomoza. Hapa mtu fulani alimwambia fundi wake: hicho usikiguse.

Jumatatu, Lunenburg

Basi la watalii, kama kilomita mia moja kuelekea kusini. Nyumba za mbao tupu, nyekundu, njano, buluu iliyokoza, zimepangwa kwa mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari ingawa kilima kina mteremko wa kuvunja magoti. Mji umepimwa 1753 kwa ajili ya Waprotestanti kutoka Ujerumani, Uswisi na Ufaransa, na aliyechora mitaa bila shaka hakufika kuona kilima. Waliojenga nyumba ndio waliojenga meli za uvuvi. Tazama namna mbao zinavyokutana pembeni, ni kazi ya fundi jahazi.

Kanisa la St. John's liliungua usiku wa kuamkia Novemba 2001. Wamelirudisha lilivyokuwa, likafunguliwa tena 2005. Wameokota hata vipande vilivyoungua nusu wakavirudisha mahali pake. Ninaandika hili kwa sababu ya kesho.

Jumanne, Africville

Dereva wa teksi aliuliza mara mbili kama nina hakika na anwani. Ni pembezoni mwa Halifax, chini ya daraja kubwa, kando ya bahari. Nyasi, upepo, na kanisa moja dogo jeupe.

Watu weusi walinunua ardhi hapa 1848, hati za kwanza zina majina ya William Arnold na William Brown. Mwaka uliofuata wakaanzisha kanisa. Walilipa kodi ya mji, lakini mji haukuwapa bomba la maji, wala mifereji ya majitaka, wala lami. Ulichowapa ni reli iliyokata katikati ya kijiji, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na mwishowe, miaka ya 1950, jalala la taka. Kuna picha ndani ya makumbusho: kisima, na kando yake kibao kinachowaambia watu wachemshe maji kabla ya kunywa. Kibao kimechorwa kwa herufi nzuri kabisa. Mtu alilipwa kuchora kibao; wa kuvuta bomba hakuonekana.

Miaka ya 1960 mji ukaamua kijiji kiondolewe. Familia nyingine zilihamishwa na vyombo vyao vikiwa vimepakiwa kwenye malori ya taka ya halmashauri. Kanisa lilibomolewa usiku, Novemba 1967. Usiku, kama wezi. Nimebomoa majengo kwa kazi, najua: hakuna sababu ya kiufundi ya kubomoa usiku. Huoni boriti inaangukia wapi. Anayebomoa usiku anaogopa macho tu.

Mwaka 2010 meya aliomba radhi kwa niaba ya mji, na 2011 kanisa hili jeupe likasimamishwa, nakala ya lile la zamani. Nikaligusa. Mbao mpya, misumari mipya, kila kitu kimenyooka. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mapokezi aliniona nikipapasa ukuta, akaniuliza kama mimi ni seremala. Nikamwambia mwashi, kutoka Zanzibar. Akaniambia alibatizwa kwenye lile la zamani, na kwamba hili harufu yake si ile. Nikamuuliza lile lilinukaje. Akafikiri. "Makaa ya mawe," akasema, "na makoti yaliyolowa."

Lunenburg walikusanya hata vipande vilivyoungua. Umbali kati ya makanisa mawili ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari.

Jumatano, ndani ya treni

Misitu. Misitu. Mto. Misitu. Nimelala nimekaa.

Alhamisi, Quebec

Nimeshuka alfajiri, meno yanagongana. Lakini mji huu! Mwashi akifa akiwa mtu mwema, nadhani huletwa hapa.

Nianze na jina la nchi, kwa maana nimelijua leo tu. Mwaka 1535 Mfaransa Jacques Cartier alipanda mto huu akakuta watu wenye vijiji vyao, na kijiji kwa lugha yao waliita kanata. Yeye akadhani ni jina la nchi nzima. Kwa hiyo Kanada maana yake ni kijiji, makazi, nyumba za watu. Na katika mji huu wote wa mawe, nyumba za wale waliotoa hilo jina hazipo. Walijenga kwa miti na magome, nyumba ndefu zilizokaa koo nzima, na Samuel de Champlain alipokuja kuanzisha mji 1608, kijiji alichokikuta Cartier kilikuwa kimetoweka.

Kanisa dogo la Notre-Dame-des-Victoires, lililoanzwa kujengwa 1687, limekaa juu ya msingi wa jengo la Champlain. Uwanjani mbele yake wametandaza mawe meusi kuonyesha mnara wa jengo lile ulikuwa umeishia wapi, nawe unaweza kuutembelea kwa nyayo. Mwaka 1759 mizinga ya Waingereza ilipiga mtaa huu kutoka ng'ambo ya mto hadi ukabaki maganda, na kanisa likafunikwa tena baadaye juu ya kuta zilezile.

Sasa nikatazama juu, nikaona ngazi. Ngazi halisi, za mbao au chuma, zimelazwa juu ya mapaa na kufungwa hapo, nyumba hii, na ile, na ile. Nilidhani mafundi wamesahau vifaa. Halafu nikaona kuta za pembeni zinapanda kupita paa lenyewe, mita nzima na zaidi, zinasimama hewani bila kubeba chochote. Nikamfuata mzee mmoja aliyekuwa anafagia mlango wake, tukaelewana kwa Kiingereza cha kuazima pande zote mbili. Moto, akasema. Mwaka 1682 mtaa huu wa chini uliungua karibu wote, ukiwa wa mbao. Wakaamriwa wajenge kwa mawe. Mwaka 1727 mtawala mmoja, Dupuy, akatoa sheria kamili: kuta za kuzuia moto zipande juu ya paa ili ndimi zisiruke kwa jirani, vigae vya mbao marufuku, na ngazi ikae juu ya paa muda wote ili watu wenye ndoo wafike kwenye bomba la moshi haraka. Karibu miaka mia tatu imepita, magari ya zimamoto yapo, na ngazi bado ziko juu.

Hilo nimelipenda kuliko hoteli yao maarufu, kuliko mizinga, kuliko kila kitu. Sheria imegeuka umbo. Mtu anayejenga leo anaweka ngazi kwa sababu paa la Quebec bila ngazi linaonekana uchi.

Neno moja la fitina, kwa kuwa mimi ni fundi na nina haki. Uwanja ule wa mbele ya kanisa, Place Royale, ni mzuri mno. Miaka ya 1960 na 1970 serikali ya jimbo iliamua kuurudisha kwenye enzi ya Wafaransa, na nyumba ambazo wafanyabiashara wa wakati wa Waingereza walikuwa wameziongezea ghorofa zilikatwa vichwa, zikapewa mapaa ya mteremko kama ya miaka ya 1700. Nimekwangua kiungo kimoja kwa ukucha: chokaa safi, mkono mzuri, hakuna ubaya. Lakini ni nyumba za kale zilizo changa kuliko jirani zake. Mtu wa Quebec alihitaji kuona, kwa mawe, kwamba babu yake alitangulia. Namwelewa. Hata hivyo zile ghorofa zilizokatwa nazo watu waliishi humo.

Ijumaa, bado Quebec, jioni Montreal

Kuta za mji zina urefu wa kilomita 4.6 na ndizo pekee za namna hii zilizobaki kaskazini mwa Mexico. Zilikaribia kubomolewa, gavana mkuu Lord Dufferin ndiye aliyewazuia wafanyabiashara waliotaka njia pana za mikokoteni. Hoteli ya Château Frontenac nimeitazama kwa nje, chai ya ndani bei yake ni ya dhambi. Watu hudhani ni kasri la Wafaransa. La hasha. Ilifunguliwa 1893 na kampuni ya reli, Canadian Pacific, ili matajiri wapande treni. Mchoraji wake Bruce Price alikuwa Mmarekani.

Jumamosi, Montreal

Huyohuyo Bruce Price alichora pia kituo cha treni cha Windsor hapa Montreal, 1889, kizito, cha mawe ya kijivu, matao manene. Nilikwenda kukitazama kwa sababu ya watu waliokifanyia kazi. Wahudumu wa mabehewa ya kulala walikuwa karibu wote wanaume weusi, na abiria waliwaita wote "George", kwa jina la George Pullman, tajiri wa mabehewa, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Unatandika vitanda vya watu usiku kucha na jina lako hulisikii hadi urudi kwako. Mwaka 1907 baadhi ya wahudumu hao walianzisha kanisa lao, Union United, ambalo bado lipo mjini humu. Huko, nadhani, waliitwa majina yao.

Basilika ya Notre-Dame, ndani, ni buluu na dhahabu hadi macho yanachoka. Mchoraji wake, James O'Donnell, Mwairishi aliyetoka New York, alikuwa Mprotestanti. Akajenga kanisa kubwa la Wakatoliki, akaumwa kabla halijakamilika, akabadili dhehebu karibu na kufa, akazikwa humohumo chini. Fundi kuzikwa ndani ya kazi yake, sijui ni heshima au ni mkataba mgumu.

Mchana nilitembea mitaa ya bandari ya zamani nikimtafuta mwanamke mmoja. Marie-Joseph Angélique alikuwa mtumwa hapa, kwa maana utumwa ulikuwepo Kanada na ulikuwa halali, jambo ambalo hata shemeji yangu, raia wa huku miaka kumi na minne, hakuwa analijua. Aprili 1734 moto uliteketeza majengo zaidi ya 40 pamoja na hospitali ya Hôtel-Dieu. Wakasema ni yeye, ametaka kutoroka. Wakamtesa, wakamnyonga Juni mwaka uleule. Kama alitia moto au hakutia, wanahistoria wanabishana mpaka leo. Ninachojua ni kwamba mtaa aliouzunguka ulijengwa upya kwa mawe, na sheria zile za ngazi na kuta ndefu zikakazwa, na kesi yake ndiyo mojawapo ya mahali pachache ambapo sauti ya mtumwa wa Montreal imeandikwa neno kwa neno. Karani aliandika. Kwetu Mkunazini walijenga kanisa kuu palipokuwa soko la watumwa, angalau unajua usimame wapi. Hapa nilisimama kwenye njia panda nikakata shauri kwamba hapa panatosha.

Jumapili, Ottawa

Kwenye treni nilikuwa ninazungumza na mdogo wangu simuni. Mzee mmoja wa Kihindi kiti cha mbele akageuka polepole, kofia ya sufi, miwani. "Unguja wewe," akasema. Nikashika adabu: "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, kimekauka kidogo kama mkate wa jana lakini unaliwa. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, ndege za Kanada ziliwaleta Montreal, wakapokewa kwenye kambi ya jeshi ya Longue-Pointe. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Anachokumbuka ni foleni, supu, na askari aliyempa koti. "Koti kubwa. Niliingia humo mzima kama ndani ya nyumba." Nikamuuliza kama kuna kibao pale kambini. Akacheka, akaniambia yeye ndiye kibao.

Ottawa kwenyewe: bunge limezungushiwa mabati na mashine. Jengo la kati limefungwa kwa ukarabati tangu 2019, na wabunge wamehamia la magharibi. Tarehe 3 Februari 1916 jengo la kati la kwanza liliungua, watu saba wakafa. Kilichopona ni maktaba ya nyuma, ya duara, ya 1876, kwa sababu ilikuwa na milango ya chuma na mtu mmoja wa maktaba alikumbuka kuifunga. Moto ulifika mlangoni ukagonga. Mlango wa chuma wa wakati ule ulikuwa ghali, na ninaweza kuwasikia wazee wa kamati ya fedha wakiulalamikia.

Kando ya bunge unashuka hadi mfereji wa Rideau, milango ya maji imepangwa kama ngazi. Kilomita 202 kutoka hapa hadi Kingston, 1826 hadi 1832, chini ya Luteni Kanali John By. Inakadiriwa wafanyakazi 1,000 walikufa, na wengi wao kwa nini? Malaria. Nilisoma kibao mara mbili. Malaria, Kanada! Waairishi na Wafaransa wa Kanada wakichimba vinamasi majira ya joto, wanatetemeka kwa homa ninayoijua mimi tangu utotoni. Waashi wao walikuwa wazuri. Mawe makubwa yamekaa ndani ya maji karibu miaka mia mbili na kiungo hakijafunguka. Jina la kanali lilipewa mji wenyewe, Bytown, kabla haujaitwa Ottawa. Wachimbaji wamezikwa njia nzima, makaburi yao mengi hayana jiwe.

Jumatatu, Toronto

Mdogo wangu amepika pilau. Nimelia kidogo, nikasingizia vitunguu.

Mpwa wangu ana miaka kumi na mmoja, Kiswahili chake kinachechemea, ila "Mjomba" analitamka vizuri. Alinipeleka kuona ukumbi wa zamani wa jiji, wa 1899. Mchoraji, E. J. Lennox, aligombana na madiwani kuhusu gharama na wakakataa kumwekea kibao cha jina. Basi akawaambia mafundi wake wachonge herufi chini ya ukingo wa paa, moja moja, kuzunguka jengo zima: E. J. Lennox, architect, 1898. Na mlangoni kuna nyuso za mawe, vibonge, zimekunja pua, na inasemekana ni madiwani wenyewe. Mpwa wangu alizunguka jengo lote akisoma herufi kwa sauti. Siku ile nilimpenda Lennox kama ndugu.

Kisha St. Lawrence Hall, 1850, ukumbi wa mikutano na dansi wa wakubwa. Septemba 1851 walikutana hapa wajumbe weusi kutoka Kanada na Marekani kujadili kama Kanada ndiyo mahali pa kukimbilia, kwa maana sheria ya Marekani ya mwaka uliotangulia ilimruhusu mwenye mtumwa kumfuata hadi majimbo huru. Mmoja wa Watoronto wa wakati ule ni Thornton Blackburn. Yeye na mkewe Lucie walitoroka utumwa Kentucky, wakakamatwa Detroit 1833, watu wakawatoa kizuizini, mke kwa hila na mume kwa fujo, wakavuka hadi Kanada. Miaka michache baadaye Thornton alikuwa na gari la farasi la kukodisha, jekundu na njano, teksi ya kwanza ya mji huu. Nyumba yao haikuachwa. Mwaka 1985 wachimbaji wa mambo ya kale waliukuta msingi wake chini ya uwanja wa shule. Dereva wa teksi aliyetuleta ni Mhabeshi. Nilimsimulia, akapunguza mwendo akaniangalia kwenye kioo.

Jumanne, Buxton

Saa tatu na zaidi kwa gari, mashamba ya mahindi hadi upeo wa macho. Buxton ilianzishwa 1849 na mchungaji William King kwa ajili ya waliotoroka utumwa. Kila familia ilinunua ekari 50, dola 2.50 kwa ekari, kwa kulipa polepole miaka kumi. Nyumba ilikuwa na masharti: isipungue futi 24 kwa 18, vyumba vinne, ikae futi 33 kutoka barabarani, iwe na ua wa mbele wenye uzio na bustani ya maua. Bustani ya maua kwa sheria! Mdogo wangu akasema hilo ndilo sharti pekee ambalo angelivunja.

Mimi sikucheka. Mtu aliyelala maisha yake yote kwenye banda la bwana wake, ukimwambia kipimo cha nyumba ni hiki na hakishuki, umemwambia jambo kubwa. Vizazi vyao bado wapo. Wengine wanalima ardhi ileile. Shule ya 1861 imesimama, madawati yanakwaruza. Kengele ya kijiji ilitumwa 1850 na watu weusi wa Pittsburgh, na iligongwa kila mtoro alipofika. Mpwa wangu aliruhusiwa kuvuta kamba ya nakala yake. Akavuta mara moja, akasikiliza hadi sauti ikaisha, hakuvuta tena.

Jumatano, Brantford

Tumelala njiani na asubuhi tukaanzia kanisa dogo la Wamohawk, mojawapo ya mataifa ya asili ya huku, la mbao nyeupe, la 1785, la zamani kuliko makanisa yote yaliyosimama Ontario. Mfalme wa Uingereza aliwajengea baada ya wao kupoteza ardhi yao New York kwa kumuunga mkono katika vita vya uhuru wa Marekani. Mlango wake wa kwanza ulitazama mto, kwa kuwa watu walikuja kwa mitumbwi. Baadaye wakauziba wakatoboa mwingine upande wa barabara. Niliutafuta mshono wa mlango wa zamani, kama ninavyoutafuta kila mahali.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Mohawk Institute. Tofali nyekundu, nguzo nyeupe, ngazi pana. Ungedhani ni hoteli. Ilikuwa shule ya bweni ya watoto wa mataifa ya asili, waliochukuliwa makwao ili lugha iwatoke. Shule zilienea nchi nzima, watoto zaidi ya 150,000 walipita humo. Hii ilianza kuchukua watoto wa bweni miaka ya 1830 na ikafungwa 1970. Watoto waliiita Mush Hole, Shimo la Uji, kwa sababu uji ndio ulikuwa chakula, asubuhi hadi jioni, wenye wadudu. Nje kulikuwa na bustani ya matofaa, na aliyechuma tofaa akala alichapwa. Jengo hili ni la 1904. La kabla yake liliungua 1903, na waliolitia moto ni wanafunzi. Nimepita miji minne yenye hadithi za moto. Huu ndio moto pekee ambao sikujiuliza nani alaumiwe.

Mwaka 2013 paa lilivuja vibaya, na watu wa Six Nations, muungano wa mataifa sita ya asili, Wamohawk wakiwemo, wakaulizwa: libomolewe au litengenezwe? Asilimia 98 wakasema litengenezwe. Kampeni wakaiita "okoa ushahidi". Mwongozaji wetu, mwanamke wa makamo, mama yake alisoma humu. Alituonyesha chumba cha chini, mabomba, dari fupi. Hakupandisha sauti hata mara moja.

Kisha akatutoa nyuma. Ukuta wa tofali, hauna kitu, upande ambao mgeni aliyekuja kwa ngazi pana hakuwa na haja ya kufika. Akasema tusogee.

Majina. Tofali moja, jina. Tofali jingine, herufi mbili na mwaka. Mengine yapo chini sana, urefu wa mtoto wa miaka saba. Nilipiga magoti. Tofali lililochomwa vizuri lina ngozi ngumu, hasa la nje. Patasi yangu yenyewe huteleza nisipoishika sawasawa.

"Mjomba, waliandika na nini?"

"Msumari. Au jiwe lenye ncha."

"Ni ngumu?"

Nikamtolea ufunguo wa nyumba ya mama yake mfukoni, nikaokota kipande cha tofali kilichovunjika pale chini, nje ya uzio, nikamwambia ajaribu herufi ya kwanza ya jina lake. Alikwangua. Akabadili mkono. Akakwangua tena hadi vidole vikawa vyekundu kwa vumbi, na kilichotoka ni mkwaruzo mweupe usiofika hata unene wa karatasi. Akautazama, kisha akaupeleka ukutani akaushika kando ya jina moja lililozama ndani kiasi cha kuficha ncha ya kidole.

Dada yangu alikuwa ameenda kuwasha gari. Tulikaa pale, mimi na yeye, tukiyasoma kuanzia kushoto.